Afya ya Jamaa: Mtoto wa kilo mbili na kondo lake

Wazazi wapendwa, na ninyi vijana mnaosoma ukurasa huu mbele ya kuoa na kuolewa, salamu kwenu.

Mwezi huu tulipaswa kuzungumza juu ya meno ya watoto, ndivyo tulivyoahidi. Meno yatangoja. Barua moja imefika, imeandikwa na baba mmoja anayetumika katika mashimo ya kobalti upande wa Kolwezi, na barua hiyo haiwezi kungoja. Nawaeleza kwa kifupi. Jina lake linabaki kwangu.

Anasema bibi yake alizaa mtoto wao wa pili katika maternite, miezi tisa imetimia. Mtoto alilia vizuri, lakini mzani ulionyesha kilo mbili tu. Mzalishaji akainua kondo la nyuma, akaliangalia pande zote, akasema: "Mama, kondo yako iko kadogo, njo maana mutoto naye iko kadogo." Neno hilo likatoka maternite, likafika nyumbani mbele ya mama na mtoto. Kufika kule likageuka. Watu wa lupango wakaanza kusema: "Kondo haiwezi kuwa kadogo bure. Kuna mutu alikula mu tumbo." Na mtu waliyemtaja ni mama mkwe, maana yake mama wa huyu baba mwenyewe, aliyekuja kukaa nao tangu mwezi wa nne wa mimba. Sasa mama mzazi hataki nkambo ashike mtoto. Nkambo analala kwa jirani. Baba anauliza: "Je, kondo la nyuma linaweza kuliwa na mtu? Na kama hapana, ni nini inalifanya kuwa dogo?"

Baba, kwa swali lako la kwanza jibu ni hapana. Mimi ni mzalishaji, nimeshika makondo mengi kuliko sahani za nyumba yangu. Nimeona makubwa na madogo, yenye afya na yenye ugonjwa. Alama za ugonjwa niliziona, alama za meno ya mtu sikuziona hata siku moja. Lakini swali lako la pili ni swali la akili, na linastahili jibu refu. Keti, mwite na bibi yako, msome pamoja.

Kondo la nyuma ni nini? Waganga wanaliita plasenta. Wengi wetu tunaliona mara moja tu, na haraka, linapotoka kisha ya mtoto. Tunalifunika, tunalizika, habari imekwisha. Lakini ndani ya tumbo lilikuwa na kazi usiku na mchana. Mtoto tumboni hana njia ya kula kwa kinywa, hana njia ya kupumua kwa mapafu. Chakula chake chote na hewa yake yote vinapita katika kondo, na uchafu wake unarudi kwa njia ile ile. Kondo linafanya kazi ya tumbo, ya mapafu na ya figo, vyote kwa mara moja.

Watu wengi wanafikiri damu ya mama inaingia ndani ya mtoto. Sivyo. Fikiri mama wawili wa lupango mbili wanaopitishiana vitu juu ya ukuta. Hakuna anayeingia kwa mwenzake, lakini chumvi inapita, unga unapita, sahani chafu inarudi. Damu ya mama iko upande huu, damu ya mtoto upande ule, na katikati kuna ukuta mwembamba sana. Ukuta huo una mikunjo midogo mingi kama mizizi ya nyasi. Kama ungeweza kuikunjua yote, mwishoni mwa mimba ungetandika mita za mraba zaidi ya 10, yaani nafasi ya chumba kizima cha kulala. Kondo lenye mikunjo mingi linapitisha vingi. Kondo lenye mikunjo kidogo linapitisha kidogo, hata kama mama anakula vizuri siku za mwisho.

Mimba ikitimia, kondo lina uzito wa karibu gramu 500, ni la mviringo, upana wake karibu sentimeta 20. Kwa kawaida mtoto ana uzito mara sita ya kondo lake. Basi mtoto wa kilo tatu, kondo la nusu kilo. Mzalishaji wa barua yetu hakusema uongo. Alisema kweli kwa kifupi sana, akamwacha mama aende nayo nyumbani bila maelezo. Hapo sisi wauguzi tunakosa mara nyingi, nami nimo ndani.

Sasa lini kondo linajengwa? Hapa nataka vijana wasikilize sana. Mtoto anaongeza uzito wake mwingi katika miezi mitatu ya mwisho, na kwa sababu hiyo tunafikiri mwanzo wa mimba si kitu: tumbo halionekani, mama anatapika, hana hamu ya chakula, tunasema atakula baadaye. Lakini kondo linafanya kinyume. Lenyewe linaanza mbio mapema. Karibu siku ya saba kisha ya mimba kushika, mbegu inaingia katika ukuta wa tumbo la uzazi na kuanza kutia mizizi. Mwezi wa tatu ukiisha, kondo limekwisha kuchukua umbo lake. Mpaka karibu mwezi wa tano, mishipa ya damu ya mama inayoelekea kondo inapanuliwa, inakuwa milegevu na mipana, ili mwishoni zaidi ya nusu lita ya damu ipite kila dakika. Kama mishipa hiyo haikupanuka vizuri, huwezi kurudi nyuma mwezi wa nane na kuipanua.

Basi mama anayekuja CPN mara ya kwanza mwezi wa sita amekuta nyumba imekwisha kujengwa. Tunaweza kupaka rangi, tunaweza kutengeneza paa, lakini msingi umekwisha kumwagwa. Na msingi huo ulijengwa kwa chakula gani? Kwa kile alichokula miezi ya kwanza, na kwa akiba ya mwili wake mbele ya kushika mimba. Msichana wa miaka 17 anayekosa damu leo anapeleka ukosefu huo mpaka katika kondo la mtoto wake wa kwanza. Ndiyo maana niliwasalimu vijana mwanzoni.

Kuna habari moja ya kweli ambayo waganga wa dunia nzima wanaijua. Ni ya Uholanzi, mwishoni mwa vita kuu ya pili. Mnamo Septemba 1944 watumikaji wa treni waligoma ili kuwasaidia wale waliokuwa wanakuja kuwafukuza Wajerumani. Wajerumani wakafunga njia za chakula kwenda miji ya magharibi. Kisha baridi kali ikashika, mifereji ikaganda. Katika mji kama Amsterdam, chakula alichogawiwa mtu kwa siku kilishuka chini ya kalori 1000, na siku zingine mwanzoni mwa 1945 karibu 500 tu. Mama mwenye mimba anahitaji zaidi ya kalori 2000. Watu walikula mizizi ya maua. Watu karibu 20,000 walikufa. Mwezi wa tano 1945 vita ikaisha, chakula kikarudi kwa ghafula.

Hata katika taabu ile, wazalishaji waliendelea kupima watoto na makondo na kuandika katika vitabu. Mungu awabariki kwa vitabu vile. Miaka mingi baadaye waganga wakavifungua. Wakaona kwamba mama walioshikwa na njaa katika miezi ya mwisho walizaa watoto wepesi, karibu gramu 300 chini, na makondo yao pia yalikuwa mepesi. Lakini wale walioshikwa na njaa mwanzoni, kisha wakapata chakula, walizaa watoto wenye uzito wa kawaida, na makondo yao yalikuwa mazito kuliko kawaida! Ni kama kondo lilijua kwamba chakula ni haba, likapanua mikono yake kutafuta zaidi. Je, watoto hao waliponyoka? Kwa uzito, ndiyo. Lakini walipokuwa watu wazima wa miaka 50, ugonjwa wa moyo ulionekana zaidi kati yao.

Kwa hiyo, baba, kondo dogo ni alama, na kondo kubwa kupita mtoto wake ni alama vilevile. Mwaka 1990 mganga Mwingereza David Barker na wenzake walionyesha kwamba watu waliozaliwa wadogo na makondo makubwa, katika mji wa Preston, ndio waliokuwa na tansio ya juu zaidi walipokuwa wazima. Mwaka uliofuata, kule Oxford, wengine waliona kwamba mama wanaokosa damu, wanaokosa madini ya chuma, mara nyingi wana kondo kubwa kwa mtoto mdogo. Kondo linahangaika. Linafanya kazi ya watu wawili.

Nilimwandikia baba huyu, nikamwuliza maneno matano: bibi yake alikuwa anakula nini, alianza CPN mwezi gani, aliugua nini, alikuwa anafanya kazi gani, na baba mwenyewe alikuwa wapi. Akanijibu kwa uaminifu, na ninamshukuru, kwa maana si kila mwanaume anajibu hivi.

Alijibu kwamba chakula kilikuwa bukari na sombe, bukari na matembele, mara moja kwa siku, jioni. CPN ya kwanza ilikuwa mwezi wa sita. Alishikwa na malaria mara mbili, mara ya kwanza akamalizia kwa vidonge alivyonunua sokoni. Kazi yake ilikuwa kuchota maji na kuosha mawe ya madini mtoni, mpaka mwezi wa nane. Na baba alikuwa katika shimo, anarudi kisha ya wiki mbili au tatu. Akirudi na samaki au kipande cha nyama, sahani yake inatangulia. "Ginsi desturi yetu iko," anaandika. Tena anaongeza neno moja la mwisho, kama mtu anayesahau: mama yake, yule nkambo, alimkataza bibi kula mayai, mtoto asizaliwe bila nywele, na kumkataza samaki fulani, mtoto asiwe na ngozi mbaya.

Hapa nilicheka kidogo, kisha nikahuzunika. Nkambo hakula kondo. Lakini kwa upendo wake wote, aliondoa mayai na samaki katika sahani iliyokuwa haina kitu kingine cha kujenga. Hilo ni neno la kuzungumza naye kwa heshima, mkiwa mmeketi. Si neno la kumfukuza. Yeye naye aliambiwa hivyo na mama yake. Na baba, sahani yako iliyotangulia iliondoa zaidi kuliko desturi ya nkambo. Ninakwambia kama dada yako mkubwa.

Siwezi kusema kwamba kwa mtoto huyu mmoja ni chakula peke yake kilichofanya. Mzalishaji mwenye akili hasemi hivyo. Malaria mara mbili inatosha kuleta kilo mbili. Wadudu wa malaria wana tabia mbaya: wanajificha ndani ya kondo. Wanashikamana na ukuta ule mwembamba niliousema, upande wa damu ya mama, wanajaza nafasi, wanaziba njia. Mama anaweza kuwa hana homa hata kidogo, anatembea sokoni, na kondo limejaa. Kwa sababu hiyo tunatoa SP, ile wengi mnaiita Fansidar, tangu mwezi wa nne, kila mara mama anapokuja, mwezi mmoja ukipita kati, angalau mara tatu mpaka kuzaa. Siyo dawa ya mgonjwa. Ni ya kusafisha kondo. Tena musitikere: si pazia la dirisha, wala si wavu wa kuvulia samaki. Mama mwenye mimba alale ndani yake kila usiku, hata wakati wa baridi ya mwezi wa saba ambapo mnasema mbu hawako.

Turudi kwenye chakula, maana ndiko mlikotaka twende.

Mwili unaojenga kondo unahitaji nguvu, yaani bukari, mihogo, mafuta. Hayo tunayo, ingawa mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza, mahindi ya zamani yakiisha na mapya hayajakomaa, sahani inapungua. Lakini mawe peke yake hayajengi ukuta, lazima saruji. Saruji yetu ni vyakula vya kujenga: maharagi, karanga, samaki, mayai, nyama, ndakala, vinkubala. Msidharau vinkubala. Vikikaushwa, karibu nusu ya uzito wake au zaidi ni chakula cha kujenga mwili, na ndani kuna madini ya chuma. Wazee wetu hawakuwa wajinga walipovikausha na kuviweka kwa ajili ya miezi ya njaa. Na ndakala, unakula pamoja na mifupa yake, ndiyo njia ya bei ndogo ya kupata kalsiamu. Hiyo nayo inasaidia kuzuia tansio ya mimba, ugonjwa ambao chanzo chake ni kondo lisilotia mizizi vizuri.

Kuna jaribio moja zuri juu ya karanga. Lilifanywa Gambia, katika vijiji 28 vya West Kiang, kwa miaka mitano, na habari zake zikatangazwa mwaka 1997. Mama wenye mimba katika vijiji vingine walipewa kila siku biskuti mbili kubwa za karanga za kukaanga, unga wa mchele, sukari na mafuta ya karanga, karibu kalori 1000, katika nusu ya pili ya mimba. Watoto wao walizidi wenzao kwa gramu 136. Wakati wa njaa, mvua ikinyesha na mama wakilima, walizidi kwa gramu 201. Mtasema gramu 200 ni nini? Ni sawa na bilauri ndogo ya sukari. Lakini watoto waliozaliwa wafu, na waliokufa katika wiki ya kwanza, walipungua karibu nusu. Karanga! Siyo dawa kutoka Ulaya. Karanga zile zile tunazouza katika vikombe pale njia panda.

Basi mama mwenye mimba asile "kwa ajili ya watu wawili", akimaliza sufuria ya bukari. Aongeze chakula kimoja kidogo kwa siku. Uji wa asubuhi uliotiwa karanga za kutwangwa unatosha, na unashuka vizuri hata kwa yule anayetapika, akinywa polepole mara nyingi. Mboga ya majani kila siku. Lenga-lenga usiichemshe mpaka iwe nyeusi, kwa maana ndani yake kuna kitu kinachoitwa asidi foliki, ambacho kondo linakihitaji sana likiwa linakua mwanzoni, na moto mwingi unakiua. Lakini sombe, angalia: sombe lazima itwangwe na kuchemka vizuri, kwa sababu ikiwa mbichi ina sumu. Ndiyo maana mama anayetegemea sombe peke yake anahitaji pia majani mengine na matunda: papai, embe, limau, mapera. Limau juu ya maharagi linasaidia madini ya chuma kuingia katika damu. Chai nzito pamoja na chakula inayazuia. Kunywa chai yako saa moja au mbili baadaye.

Na vidonge vya chuma na asidi foliki mnavyopewa CPN, mvimeze. Ninajua vinafanya choo kuwa cheusi, vinaumiza tumbo kidogo. Vimeze usiku na chakula. Nimevikuta nyuma ya picha ya harusi, chini ya godoro, mara moja katika chungu cha maua. Kondo haliko katika chungu cha maua.

Juu ya pemba, udongo ule mweupe unaouzwa sokoni na mama wengi wanaotafuna, nitasema kwa upole, kwa kuwa mimi mwenyewe nilitafuna nikiwa na mimba ya kwanza. Hamu yake ni ya kweli, na mara nyingi ni alama kwamba damu imepungua. Lakini pemba inashika madini ya chuma tumboni na kuyazuia kuingia, na udongo mwingine una risasi ndani, na risasi inapita kondo. Ukishikwa na hamu hiyo, njoo tupime damu yako. Lutuku, sisemi hata mstari wa pili: inapita kondo kama maji.

Sisi watu wa migodi tuna neno letu zaidi. Kondo ni ukuta, lakini si ukuta wa saruji. Metali zinapita. Waganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kati yao Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walichunguza watoto waliozaliwa na kilema Lubumbashi kati ya 2013 na 2015, na kutangaza habari hiyo mwaka 2020. Waliona kwamba kilema kilikuwa zaidi kwa watoto ambao baba zao walitumika katika kazi ya madini. Wasomeni vizuri: baba zao. Kwa hiyo, baba, usiingie nyumbani na vumbi la shimo katika nguo zako. Vua nje, oga, nguo zako zifuliwe peke yake, wala si mikononi mwa bibi mwenye mimba. Mfuko wa mawe usilale chini ya kitanda. Na kuosha mawe mtoni, mikono na miguu majini siku nzima, mimba ikiwepo, kazi hiyo iache. Ninajua nasema nini: ni kuacha makuta. Nyumba nyingi zinanunua unga wa jioni kwa makuta hayo, na sina la kuwapa badala yake. Lakini kama kuna watoto wakubwa au ndugu wa kuchota maji tu, wachote wao, mama apate kulala saa moja mchana.

Wazee wanakumbuka posho. Wakati wa Union Minière, kisha Gécamines, mtumikaji alipata unga na vingine kwa jamaa yake yote, na mama mwenye mimba alijulikana kwa jina katika dispensere ya kambi. Haikuwa paradiso, na posho ilikuja pamoja na kuamriwa kwingi. Lakini leo mchimbaji wa mkono anapata makuta, wala si unga, na makuta yanapita mahali pengi mbele ya kufika jikoni. Mtu aliyeshika makuta ndiye mwenye posho sasa. Asimamishe kwanza kikombe cha karanga na cha ndakala kwa ajili ya mwenye mimba, kisha mengine yafuate.

Mama anayesoma, ukiona kichwa kinauma sana, uso na mikono vinavimba, macho yanaona nyota, au mtoto hachezi tena kama jana, usingoje CPN ya mwezi ujao. Nenda siku hiyo hiyo, hata usiku. Hizo ni sauti za kondo linaloshindwa.

Na sasa mtoto wetu wa kilo mbili. Baba, alizaliwa mdogo, hakuzaliwa mgonjwa. Kondo lake limekwisha kazi. Sasa kazi ni ya maziwa ya mama, maziwa peke yake, bila maji, bila uji, mpaka miezi sita. Na kuna dawa moja isiyouzwa. Ilianza katika hospitali ya Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, ambako vyombo vya kupasha joto watoto wadogo havikutosha. Waganga wakafunga watoto kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kitambaa juu, kofia kichwani, mchana na usiku. Watoto wakapata joto, wakanyonya vizuri zaidi. Leo Shirika la Afya la Ulimwengu linataka hivyo kwa kila mtoto aliyezaliwa chini ya kilo mbili na nusu.

Lakini mama mmoja hawezi saa zote. Lazima aoge, ale, alale. Hapo kifua kingine kinahitajika, chenye joto na kisicho na haraka. Baba anaweza, siku alizopo. Siku asizopo, katika nyumba yenu kuna mtu mmoja tu asiyekwenda mtoni wala shimoni, naye analala kwa jirani. Mkamchukue leo jioni. Bibi yako amfungie nkambo mtoto kifuani kwa kitenge, kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya watu wa lupango. Wiki ijayo mpeleke mtoto kwenye mzani, kisha uniandikie umeonyesha ngapi.